Acheni Kubeba Kazi ya Timu kwa Begi

Wacha nianze na kosa langu, ndiyo usiseme nimekuja kukuhubiria. Kwa mwaka mmoja na nusu, kila kitu ambacho timu yetu ilirekodi kilikaa ndani ya begi langu. Diski moja ya nje, terabaiti nne, nimeifunga kwa soksi. Nilipanda nayo matatu, nikaenda nayo kanisani, nikalala nayo karibu na mto. Nilikuwa najiambia naitunza. Ukweli ni kwamba nilipenda vile kila mtu alilazimika kunipigia simu kabla ya kufanya chochote.

Tulikuwa watu wanne. Wawili tunashika kamera, mmoja anahariri, mmoja ni wa sauti na rangi. Tunafanya ruracio, mazishi, sherehe za kufuzu, matangazo ya maduka ya Thika, na katikati tunaweka video zetu wenyewe mtandaoni. Ofisi ni vyumba viwili kwa ploti hapa Witeithie, kati ya Juja na Thika, mahali ambapo usiku ukinyamaza unasikia malori ya Thika Road yakibadilisha gia. Kwa wasiojua Kikuyu, Wĩteithie ni kama kuambiwa "jisaidie". Ndiyo, najua hilo neno lina kazi gani nyingine kwa Kiswahili, tumeshacheka vya kutosha. Lakini jina ni jina, na nitakwambia vile tulijisaidia.

Mwaka jana tulirekodi ruracio moja upande wa Gatundu. Kamera mbili, kutwa nzima. Jioni cucu wa bibi harusi akashika maikrofoni, akaketi chini ya hema, akabariki wale watoto kwa Kikuyu cha zamani ambacho nusu yetu hatukukielewa. Aliongea pole pole, hakuna aliyethubutu kumkatiza. Tukamaliza, nikamimina kadi zote kwa diski yangu, tukazifuta kadi kwa sababu kesho yake tulikuwa na kazi nyingine. Kila mtu anafanya hivyo. Usiniambie wewe hufanyi.

Siku tano baadaye nikaenda Nyeri kwa mazishi ya mjomba. Diski nikaenda nayo. Mhariri wetu alikuwa ameahidi video fupi ya kwanza kufikia Ijumaa, sasa anakaa tu Witeithie anaangalia skrini. Akanipigia simu mara saba. Niliporudi, mwenzangu wa kamera akasema wazi kile wengine walikuwa wananong'ona: hii si timu, ni wewe na watu wako wa mkono. Tukazozana hadi jirani akagonga ukuta. Akasema anatoka, nimpe futeji zake zote alizoshika yeye. Nikamwambia diski ni yangu, nilinunua na pesa yangu, asubiri. Nilimfanya asubiri wiki mbili bila sababu yoyote ya maana.

Ndani ya zile wiki mbili diski ikaanza kulia. Tik, tik, tik, kimya. Tik, tik, tik. Kama umewahi kusikia huo mlio hutausahau. Tulipeleka mjini kwa fundi, akatoa kiasi, kingine hakikutoka. Kilichokosa kutoka ni pamoja na cucu.

Na cucu mwenyewe alikuwa ameshaaga dunia wiki moja kabla ya sisi kwenda kuwaambia.

Sitaandika vile hiyo siku ilikuwa. Tulirudisha pesa yote. Babake msichana hakupiga kelele, na ningependelea angepiga. Kitu kimoja tu kilituokoa kidogo: mwenzetu wa sauti alikuwa na kinasa sauti kidogo mezani siku ile, na kwa uvivu wake mtakatifu hakuwa amefuta kadi. Dakika kumi na moja za sauti ya cucu, na mbuzi wakilia nyuma. Familia ikapewa hiyo. Picha hakuna.

Baadaye nilisoma kuhusu Pixar nikajua huu upuuzi una historia ndefu. Mwaka 1998, wakitengeneza Toy Story 2, mtu alitoa amri moja kwa kompyuta zao na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kufutika mbele ya macho yao. Wakakimbilia bakapu, wakapata bakapu haikuwa inafanya kazi vizuri. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na anafanyia kazi huko. Kampuni yenye pesa zote hizo, ikaokolewa na kompyuta ya mama mwenye mtoto mchanga. Sisi tukaokolewa na mtu mvivu. Bahati ni bahati, lakini huwezi kuiandika kwa mkataba wa mteja.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua yataudhi watu wa kamera. Timu ya video ya watu watatu na zaidi ambayo haina hifadhi ya pamoja haifai kununua kamera nyingine. Haifai kununua lenzi. Haifai kununua droni, hasa droni. Na sababu yangu ya kwanza si kasi, ingawa kasi ni nzuri. Sababu ni kwamba mwenye diski ndiye mwenye timu. Kazi ya watu wanne ikikaa kwa begi la mtu mmoja, wale wengine watatu wanakuwa vibarua hata kama mnagawana pesa sawa. Akikasirika, kazi imekasirika. Akifiwa, kazi imefiwa. Akiibiwa kwa stage ya Githurai, mmeibiwa nyote.

Tulikuwa tumechanga 90,000 ya kununua lenzi. Nikaomba tujenge seva. Nikaombwa nieleze seva ni nini na kwa nini mtu aliyeharibu ndiye anataka kushika pesa. Swali zuri. Tukakubaliana mhariri ashike pesa, mimi nifanye kazi ya mikono.

Nitasema bei tulizolipa sisi, zako zitakuwa tofauti. Kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile za "ex-UK", kasha refu la kusimama na si ile ndogo ya kulala, prosesa ya i5 kizazi cha sita, ramu ya gigabaiti 16: 17,000. Ukinunua ile ndogo utalia, kwa sababu diski kubwa hazina pa kuingia. Diski nne mpya za terabaiti nne: 54,000. Diski ndogo ya SSD ya kubebea mfumo: 2,500. Swichi ya gigabiti yenye matundu manane: 3,000. Kebo za Cat6: 2,500. UPS: 6,500. Jumla 85,500. Zile 4,500 zilizobaki tulikula nyama, na sijutii.

Angalia vile pesa imegawanyika. Kompyuta yenyewe ni kitu kidogo. Seva ya faili haihitaji nguvu, haichezi gemu, inapokea na kutoa tu. Pesa imeenda kwa diski, na diski ndiyo kitu pekee nilichokataa kununua mtumba. Nilijaribiwa. Kuna mahali nilionyeshwa moja nzuri kwa nusu bei, nikaomba tuichomeke tuone imefanya kazi kwa muda gani, ikasoma masaa zaidi ya elfu arobaini. Hiyo ni zaidi ya miaka minne bila kuzimwa. Huo ni mzee wa kuombewa, si wa kupewa kazi. Kila diski huandika masaa yake yenyewe ndani, kuna programu za bure za kuyasoma, na muuzaji akikataa usome, aga kwa heshima uende.

Kuna mtego mwingine kwa diski mpya. Kuna diski ambazo njia zake za kuandikia zinapandiana kama mabati ya paa, ili data nyingi iingie mahali padogo. Wanaziita SMR. Kwa kuhifadhi picha za likizo ni sawa, lakini kwa seva, ukiandika kitu kidogo inabidi ibandue mabati ya jirani iyapigilie tena. Inakuwa polepole ajabu, na siku ya kuziba pengo la diski iliyokufa inaweza kukwama kabisa. Mwaka 2020 ilibainika kuwa hata Western Digital walikuwa wakiuza baadhi ya diski za WD Red, zilizotangazwa kuwa za seva za namna hii, zikiwa SMR bila kusema waziwazi. Baada ya kelele nyingi wakatoa orodha. Sasa kabla hujalipa, andika namba kamili ya modeli utafute kama ni SMR au CMR. Unataka CMR.

Mfumo ni TrueNAS, wa bure. Zamani uliitwa FreeNAS, umekuwepo tangu 2005. Ndani yake kuna ZFS, kitu kilichotoka Sun Microsystems, na ZFS ndiyo sababu nalala usiku. Kila kipande cha data inakiwekea alama ya kukihakikisha, ukisoma faili inaangalia kama alama bado inalingana. Ikipata kimeoza kwa diski moja, inachukua kizuri kwa diski pacha na kurekebisha bila kukuita. Diski zetu nne tumezifanya pacha mbili mbili. Kumi na sita mlizonunua zinakuwa nane za kutumia. Mwenzetu wa sauti aliona ni kama kununua viti vinne ukalie viwili. Nikamuuliza kama anamkumbuka cucu. Akanyamaza.

Hapa nitaweka kitu ambacho mama yangu atapenda akisoma. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea kompyuta, na sababu za kuacha zilikuwa karo nusu na kiburi nusu. Mtandaoni kuna watu wa rika langu wanasema chuo ni upotevu wa wakati, na mimi nimewahi kusema hivyo kwa video, ilipata watazamaji wengi. Basi jua hivi: hilo wazo la kuunganisha diski nyingi za bei ya chini ili moja ikifa kazi isife, linaloitwa RAID, liliandikwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, likatoka 1988. Gibson alikuwa mwanafunzi. Samba, programu inayofanya kompyuta ya Windows ione folda za seva kama ni zake, ilianzishwa na Andrew Tridgell akiwa anasomea udaktari Canberra, Australia. Mimi niliyeacha chuo nakula kwa jasho la waliobaki. Video ile nimeishusha.

Turudi kwa kebo. Kosa letu la kwanza lilikuwa kutumia Wi-Fi, kwa sababu hakuna aliyetaka kutoboa ukuta. Mhariri akifungua klipu inazunguka, anasema seva ni takataka. Seva haikuwa na shida. Nilivuta kebo kando ya ukuta, nikaibana na misumari ile ya stima, na siku hiyohiyo lawama zikaisha. Fanya hesabu: swichi ya gigabiti moja inapitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa karatasi, kama 110 kwa kweli. Kamera zetu zinarekodi 4K kwa megabiti 100, yaani megabaiti 12.5 kwa sekunde. Wahariri watatu kila mmoja akicheza kamera mbili kwa wakati mmoja ni megabaiti 75. Inatosha. Ila diski za kuzunguka zinasoma kwa mkono mmoja tu unaotembea, na watu watatu wakiuvuta huku na kule unachoka, basi tunatengeneza proksi, nakala nyepesi za kuhariria, zinakaa kwa SSD ya kila mtu. Zile nzito zinaguswa mwisho, wakati wa rangi na kutoa video. Kama unarekodi ProRes ya 4K hii hesabu yangu haikufai, mkondo mmoja tu unaweza kula zaidi ya nusu ya hiyo kebo. Tafuta mtandao wa gigabiti 2.5 au 10, na tafuta wateja wa kulipia.

Jambo moja dogo ambalo litakuokolea matusi: kila kompyuta iite seva kwa herufi moja. Sisi ni Z. Mwanzoni mhariri alikuwa na Z, mimi nina Y, nikifungua mradi wake kila klipu ni nyekundu, imepotea. Haijapotea. Programu inatafuta nyumba kwa anwani isiyokuwepo.

Na folda ya futeji mbichi, ukishamimina kadi, ifungwe. Kila mtu asome, hakuna wa kufuta, pamoja na mimi. Hasa mimi. Miradi ndiyo inakaa kwa folda ya kuandikika, na hiyo seva inaipiga picha kila saa, si nakala kamili, ni kama kuweka alama ya mahali vitu vilipokuwa. Mwezi wa pili mtu mmoja, simtaji, alifuta folda ya kazi ya wiki nzima akidhani ni ya zamani. Zamani hiyo ingekuwa wiki ya kulia. Tulirudi kwa alama ya saa nne asubuhi, folda ikarudi, tukaendelea na chai.

Wengi wataniuliza, si uweke tu kwa Google Drive? Nimepiga hesabu. Ruracio moja, kamera mbili, masaa manne kila moja. Kwa megabiti 100 kila saa ni gigabaiti 45, kwa hivyo jumla ni 360. Intaneti yetu inapandisha megabiti 10 ikiwa na furaha. Hiyo ni masaa 80 bila kukatika, zaidi ya siku tatu usiku na mchana, kwa kazi moja. Na mhariri bado hajaanza kuishusha upande wake. Kwa seva iliyo hapo pembeni, 360 hiyo inaingia kwa saa moja hivi, ikiwa kadi na kisomaji chake havibaki nyuma. Mtu akiwa na faiba ya kweli ya kupandisha haraka tuongee tena. Video iliyokamilika tunaipandisha, ndiyo, hiyo ni ndogo. Futeji mbichi ya Kiambu ikae Kiambu.

Stima sasa. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, nchi karibu yote iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Hiyo ilikuwa kubwa, lakini hapa Witeithie tuna zetu ndogo ambazo haziingii kwa habari. UPS si ya kufanyia kazi gizani, ni ya kuipa seva dakika chache ijifunge kwa heshima. Nunua ile yenye kebo ya USB ya kuiambia seva "stima imeenda". Bila hiyo kebo, UPS inakata tu pumzi baada ya dakika kumi na hakuna aliyeambiwa. Na seva inakula. Yetu ni kama wati 60, ikiwaka mwezi mzima ni yuniti 43 hivi. Keateka alipoona tokeni zinavyoisha alikuja kuuliza kama tunachimba bitcoin. Tulimfungulia akaangalia, akaona harusi ya mtu anayemjua, akakaa hadi mwisho. Sasa tunalipa kidogo zaidi kwa mwezi, na yeye ndiye askari wetu.

Lakini tafadhali, usimalize kujenga ukaketi ukidhani umemaliza. Pacha si bakapu. Ukifuta kwa moja, pacha inafuta pia, kwa uaminifu kabisa. Mwizi akibeba kasha amebeba zote nne. Kuna kanuni ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza: nakala tatu, kwa vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Mahali pengine petu ni Makongeni, Thika, kwa kabati la mama yangu. Diski mbili za nje zinabadilishana: moja iko kwake, nyingine iko hapa inajazwa, Jumapili zinapishana. Mama anaiweka kwa leso, pamoja na hati ya shamba na kadi yangu ya kliniki ya utotoni. Mara ya kwanza aliniuliza, "Hii kitu inakula stima?" Nikamwambia hapana, Mami, inalala tu. Akasema basi ikae, angalau kuna kitu yako kimoja kinalala kwa wakati.

Hajanisamehe hilo la chuo. Lakini Jumapili moja nilichelewa akanipigia simu mwenyewe: "Na ile diski ya watu?"

Diski ya watu. Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho timu nyingi za umri wetu hazitaki kusikia. Hizo futeji si zetu. Ni nyuso za watu, watoto wa watu, maiti za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na si ya kupamba: Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Serikali nayo ilishatuona zamani, Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali. Yaani wa kodi wanatuita biashara, wa data wanatuita biashara, sisi ndio tumebaki kujiita wasee wenye kamera. Mteja akiuliza "video zangu mnaweka wapi na nani anaziona?" unataka kumjibu nini? Kwa soksi?

Siku hizi tunaandika kwa karatasi ya mkataba: futeji mbichi tunaiweka miezi kumi na miwili, zipo nakala tatu, tukikusudia kufuta tutakupigia simu kwanza. Mstari mmoja tu. Umetuletea kazi kuliko lenzi ile ingeleta, ingawa siwezi kukuthibitishia hilo. Lenzi hatukuinunua, sina cha kulinganisha.

Na si kila kitu kimekuwa kitamu. Zile terabaiti nane zimejaa nusu tayari. Kompyuta ya mtumba ina feni inayolia kama nzi kwa chupa. Mimi ndiye najua nywila kuu, na nilipoona nimeanza tena kuwa mtu wa kupigiwa simu, nikaiandika kwa karatasi, nikaweka kwa bahasha, nikampa mhariri. Nilimwonyesha pia vile ya kubadilisha diski iliyokufa, tukaitoa moja makusudi seva ikiwa hewani. Mikono ilimtetemeka. Seva ikalalamika kwa barua pepe, video ikaendelea kucheza, akarudisha diski, ikajisawazisha. Sasa kama nikikanyagwa na matatu leo kesho kazi inaendelea. Inauma kidogo kuandika hivyo, sitadanganya.

Yule mwenzetu wa kamera hakurudi. Ana timu yake Juja, wanafanya vizuri. Seva ilipowaka, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kutafuta kila klipu aliyoshika yeye na ambayo fundi aliiokoa, nikainakili kwa diski mpya, nikampelekea mwenyewe. Aliichomeka kwa kompyuta yake mbele yangu, akafungua folda moja moja, mimi nimesimama mlangoni. Hakunikaribisha chai. Alipomaliza akanyamaza, halafu akauliza ile swichi tulinunua pesa ngapi.

Nikamwambia elfu tatu, na asinunue ya matundu matano, yataisha.